Mnavu si Mmoja



Mwezi uliopita, Jumamosi baada ya darasa, bibi wa mwanafunzi wetu mmoja alinifungulia mfuko wa plastiki uliojaa mboga. Amekuja kutoka Arusha kuwatembelea wajukuu. Mboga hiyo alikuwa ameichuma mwenyewe asubuhi ile, kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghorofa wanamokaa, hatua chache kutoka Moses Kotane Road, ile ambayo watu wengi wa Overport bado wanaiita Sparks.

"Mwanangu, niliambiwa huku nitakula kabichi mwezi mzima," akasema. "Kumbe mnafu umejaa na hakuna anayeuchuma!"

Nikatazama juu ya mfuko, nikashika jani moja, nikamwambia, "Ndio wenyewe, bibi, tena mzuri." Tukakaa barazani tukaanza kuchambua. Tulipofika katikati ya mfuko mkono wake ukasimama. Alikuwa ameshika shina nene kidogo kuliko mengine. Akalifikicha jani lake, akanusa, kisha akanipa na mimi ninuse.

"Huu haunuki mnafu."

Haukuwa mnafu. Ulikuwa mnanaha mchanga, ambao haujatoa ua bado, na ndani ya mfuko ule tulikuta mashina matatu ya namna hiyo. Mimi ni muuguzi. Nimewahi kukesha na mgonjwa aliyekula mnanaha, hakuweza kumtambua hata mke wake. Pamoja na hayo nilikuwa nimeupitisha mfuko mzima kwa kuangalia jani moja la juu. Bibi ndiye aliyeiokoa familia ile jioni ile, si mwalimu.

Kwa hiyo leo tutaacha ngeli na methali kidogo, tujifunze mboga. Wazazi, somo hili lisomeni pamoja na watoto.

Jina moja, mimea mingi

Neno mnavu ni la ngeli ya mnazi na mchungwa: mnavu huu, minavu hii. Lakini likiwa mboga kwenye chungu hatulihesabu, tunasema tu "tumekula mnavu". Kaskazini mwa Tanzania wengi tunatamka mnafu, nami nitaandika mnavu kama kamusi zinavyoandika, bibi atanisamehe. Kenya utasikia managu, neno la Kikuyu ambalo siku hizi limezoeleka sokoni, na kwa Wajaluo ni osuga. Waganda wanasema nsugga. Hapa tulipo Wazulu wanauita umsobo, Waafrikana nastergal, na Wavenda kule Limpopo wanaupika kwa jina la muxe. Majirani zetu wenye asili ya Kitamil, ambao wazee wao walianza kufika Durban kwa meli mwaka 1860 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, wanaujua kwa jina la manathakkali.

Majina yote hayo yana tabia moja: kila jina linabeba mimea kadhaa kwa pamoja. Hata wataalamu walifanya hivyo kwa muda mrefu. Mswidi Linnaeus alipouandika mnavu mwaka 1753 aliuita Solanum nigrum, yaani mweusi, na chini ya jina hilo akaweka aina nyingine kadhaa kama ndugu wa nyumba moja. Watu wakaendelea kutumia Solanum nigrum kwa kila mnavu wanaouona, kutoka Kisumu hadi Cape Town. Mwaka 1997 Jennifer Edmonds na James Chweya, huyu wa pili akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika kitabu kizima cha kuzitenganisha aina hizi. Mwaka 2018 wanasayansi wengine walipitia upya minavu yote ya Afrika, Ulaya, Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Wakahesabu aina 19. Kati ya hizo 10 ni za asili katika sehemu hizo, na zilizobaki ni wageni waliotoka Amerika.

Wanafunzi wakubwa watauliza: kama zinafanana hivi, nani kasema si mmea mmoja? Jibu moja liko ndani ya seli. Kromosomu za minavu zinakwenda kwa mafungu ya 12. Kuna minavu yenye kromosomu 24, mingine 48, mingine 72. Mmea wa 24 na mmea wa 72 wakikaa kitalu kimoja miaka na miaka, poleni ikipeperushwa huku na huku, hawazai kwa urahisi mtoto mwenye mbegu nzuri. Ni majirani, si mume na mke.

Usiliamini jani

Kosa langu la barazani ndilo kosa la watu wengi. Tunatazama jani kwa sababu jani ndilo tunalokula. Lakini jani la mnavu linabadilika mno. Mmea ule ule ukiota kivulini nyuma ya ukuta unatoa majani mapana na laini. Ukiota kwenye udongo mwekundu wa Berea uliopigwa na jua, majani yanakuwa madogo, magumu, na meno pembeni. Ukichukua matawi ya mimea miwili ya aina moja unaweza kudhani ni aina mbili, na ukichukua ya aina mbili unaweza kudhani ni moja.

Tazama maua na matunda. Hiyo ndiyo sababu kule KwaZulu-Natal Herbarium, jirani na bustani ya mimea ya Durban ukishuka kutoka huku kwetu juu, wanahifadhi kila mmea mkavu ukiwa na tawi lenye maua au matunda, si jani peke yake. Mkusanyiko ule ulianzishwa mwaka 1882 na John Medley Wood, aliyekuwa msimamizi wa bustani.

Kwanza hakikisha kwamba ni mnavu kweli. Ua la mnavu ni dogo, halifiki upana wa ukucha wa kidole gumba, lina petali tano nyeupe zinazojikunja nyuma kama nyota, na katikati kuna kichongo cha njano au kahawia, ambacho ni machavulio yaliyobanana. Maua yanakaa kwa kishada. Kishada hicho hakitoki pale jani linapoungana na shina, kinatoka pembeni ya shina, katikati ya jani na jani. Hii ya mwisho wengi hawaijui. Mfundishe mtoto aitafute, atafurahi kuiona mwenyewe.

Ukishajua ni mnavu, tazama vikonyo. Waliokulia Unguja na Pemba wanajua kikonyo ni nini, wamechambua karafuu. Ni kile kijiti kinachoshika tunda. Ikiwa vikonyo vyote vya kishada vinaanzia nukta moja, kama mbavu za mwavuli, na matunda yakiiva ni madogo, meusi, yanang'aa kama macho ya panya, huo ni Solanum americanum. Tazama pia yale majani madogo matano yanayokumbatia tunda, yaitwayo sepali. Katika mnavu huu yamejikunja nyuma kabisa, kana kwamba hayataki kuligusa tunda. Jina lake lisikudanganye, unaota katika nchi nyingi za joto duniani, na hapa Overport ndio ninaoukuta zaidi kando ya kuta na kwenye nyufa za saruji.

Ikiwa vikonyo havianzii mahali pamoja bali vimepandana kidogo kidogo kwenye kijiti kikuu, kama vipago vya ngazi, na tunda likiiva halina mng'aro, na sepali zimelala kwenye tunda au zimeachana nalo kidogo tu, huo ni Solanum nigrum wenyewe, ule aliouandika Linnaeus. Wenye kromosomu 72 ndio huu.

Wa tatu ni Solanum retroflexum, mwenyeji wa kusini mwa Afrika, ndio muxe wa Wavenda. Majani yake yana umbo la almasi ya kwenye karata, na pembeni mara nyingi yana meno. Kila petali nyeupe ina mstari wa zambarau katikati, mgongoni. Sepali zimekunjwa nyuma, na neno retroflexum maana yake ni hiyo hiyo, kilichokunjwa kurudi nyuma. Matunda yake ni ya zambarau iliyokolea, na yakiiva vizuri watu wa Afrika Kusini wanayapikia jamu. Mnavu huu una kisa chake. Huko California palikuwa na mkulima maarufu, Luther Burbank, aliyetangaza kwamba amezaa tunda jipya kwa kuchanganya minavu miwili. Mwaka 1909 mbegu zake ziliuzwa Marekani kwa jina la Wonderberry. Ukazuka ugomvi mkubwa magazetini, wengine wakisema anawauzia watu magugu yenye sumu. Wataalamu wa baadaye walipouchunguza mmea ule waliuona ni huu huu retroflexum wa kwetu huku. Nikiupita pembeni ya njia huwa nakumbuka kwamba kuna watu waliwahi kuulipia dola.

Wa nne ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, Solanum chenopodioides. Majani yake yana rangi ya kijivujivu kwa sababu ya vinyweleo. Alama yake haina shida: matunda yakishafungwa, kijiti kikuu cha kishada kinapinda chini kwa ghafla, kama mtu aliyeinamisha kichwa.

Halafu kuna wale wa nyumbani ambao huku huwakuti kirahisi. Managu ya majani makubwa kama kiganja, inayolimwa Kenya kwa ajili ya soko, ni Solanum scabrum. Matunda yake ni makubwa, yanazidi sentimita moja, meusi ya zambarau, na hayadondoki yakiiva, yanabaki juu ya mmea mpaka uyachume. Maji yake yametumika kama wino katika sehemu mbalimbali za Afrika. Cameroon ndio njama-njama yao. Na ukikumbuka utotoni ulikula vitunda vya rangi ya chungwa au vyekundu, vitamu, kwenye mmea wa mnavu, hukuota. Huo ni Solanum villosum, upo sana Afrika Mashariki. Wazazi wawili darasani walikuwa wakibishana kama matunda ya mnavu ni meusi au ya chungwa. Wote wawili walikuwa sawa, kila mmoja alikuwa anakumbuka mnavu wa kwao. (Na tafadhali, mbegu za kutoka nyumbani msizifiche kwenye sanduku. Afrika Kusini inataka kibali cha kuingiza mbegu, na faini haina huruma.)

Wanaojifanya mnavu

Mnanaha, Datura, ndio wa kuogopwa kwanza. Wazulu wanauita iloyi, na jina lake la Kiafrikana, malpitte, maana yake ni mbegu za wazimu. Ukikomaa huwezi kukosea: ua lake ni tarumbeta nyeupe au ya zambarau yenye urefu wa kidole, na tunda lake ni kama yai dogo lenye miiba. Hatari ni ukiwa mchanga, kimo cha goti au chini yake, umechanganyika na mnavu na mchicha kwenye ardhi iliyolimwa karibuni. Shina lake ni nene na laini, linagawanyika mara mbili kama manati. Meno ya jani ni makubwa yenye ncha kali. Lifikiche jani unuse: harufu yake ni nzito, inachukiza, mtu hawezi kuitamani chunguni. Pua ya bibi ndiyo iliyotuokoa.

Si jambo la hapa tu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa msaada uliochanganyika na mbegu za mnanaha. Mbegu chache ndani ya unga, nani ataziona?

Wa pili ni mti wenye majani makubwa yenye manyoya kama blanketi, maua ya zambarau, na matunda ya njano kwa mafungu. Huu ni Solanum mauritianum, gugu lililotoka Amerika ya Kusini, na limejaa Durban nzima, hadi kwenye mifereji. Ni ndugu wa mnavu lakini si mboga, na matunda yake watoto wasiyaguse. Mtu mzima hawezi kuuchanganya na mnavu. Mtoto wa miaka mitatu anaona tu tunda dogo la mviringo.

Na kuna hofu moja ambayo inatokana na vitabu. Watoto wetu wakitafuta mnavu kwenye simu wanakutana na maneno ya kutisha juu ya mmea wa Ulaya uitwao Atropa belladonna, kisha wanakuja kuwaambia mama zao wanapika sumu. Atropa ua lake ni kengele ya zambarau, na matunda yake meusi hukaa moja moja, kila tunda juu ya sepali pana kama sahani. Mnavu una kishada. Mwonyeshe mtoto tofauti hiyo, na hapo amani itarudi jikoni.

Sumu iliyomo kwenye mnavu wenyewe

Hata hivyo watoto hawakosei kabisa. Mnavu wa kweli nao una sumu, ya jamii ile ile inayopatikana kwenye viazi vilivyogeuka kijani. Inajaa zaidi kwenye matunda mabichi ya kijani. Kwa hiyo tunda la kijani haliliwi, la aina yoyote, na tunapochambua mboga tunayatoa yote. Majani huchumwa machanga, yanachemshwa, na ukionja ni machungu sana mwaga maji ya kwanza. Mama zetu walimwaga maji, au walitia maziwa, karanga au tui la nazi. Uchungu mwingi usio wa kawaida ni onyo, usiufunike kwa sukari wala kwa viungo.

Dalili za mtu aliyekula matunda mabichi ya mnavu mara nyingi huchelewa masaa kadhaa: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhara, kichwa kuuma. Mnanaha ni tofauti. Mdomo unakauka, ngozi inakuwa ya moto na kavu, mboni za macho zinapanuka hadi mwanga unamuumiza, moyo unakwenda mbio, mkojo unagoma, na mtu anaweweseka, anachuma vitu hewani visivyokuwepo. Mara nyingi watu nyumbani hudhani amerogwa au amelewa, na masaa yanapotea hapo.

Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe maziwa kama dawa. Najua sote tumelelewa na hayo maziwa, lakini hayaondoi sumu hii, na mtu anayeweweseka anaweza kupaliwa. Piga 10177 kuita gari la wagonjwa, au 0861 555 777, namba ya wataalamu wa sumu hapa Afrika Kusini. Na chukua kipande cha mmea alichokula, hata kilichobaki kwenye sufuria au kwenye pipa la taka, uende nacho hospitali. Ukimwambia daktari "amekula mboga" hujamsaidia. Ukimwekea tawi mezani umemsaidia sana.

Jambo jingine ni mahali unapochuma. Kando ya barabara na kwenye viwanja vya maghorofa watu hupulizia dawa ya magugu, na majani hubaki ya kijani siku kadhaa kabla ya kunyauka. Bibi nilimwomba asirudi kwenye uwanja ule, akakubali kwa shingo upande. Kwa asiye na bustani, nenda asubuhi Warwick, kwenye soko la alfajiri lililopo tangu 1910, ukaulizie imifino, yaani mboga za majani za kuchuma. Hata huko fungua fungu, pitia shina moja moja. Muuzaji hatachukia, naye anafanya hivyo hivyo kwake.

Kazi ya Jumamosi ijayo

Kila mwanafunzi alete tawi moja analodhani ni mnavu, akiwa na mtu mzima wakati wa kulichuma. Liwe na maua na matunda, si majani peke yake. Likunjwe ndani ya gazeti, na nje ya gazeti mwanafunzi aandike kwa Kiswahili lilipoota: ukutani, mferejini, kivulini, juani. Wadogo watachora kishada na kuandika neno kikonyo na neno petali. Wakubwa watatuambia ni mwavuli au ni ngazi. Hakuna atakayeonja kitu, na mikono itaoshwa kabla ya chai.

Bibi ameahidi kuja. Atakaa mezani mbele, na kila tawi litapita puani kwake kwanza.